Mjadala: Ventileta yenye kasoro ya programu itolewe wodini, au isubiri sasisho?

Mwanzisha mada: Wadau, mwaka 2021 kampuni ya Vyaire walitoa tahadhari juu ya ventileta zao, mashine za kumpumulisha mgonjwa, aina ya bellavista 1000. Kwenye matoleo fulani ya programu, mlango wa mawasiliano ukiwekwa HL7, yaani lugha ya kupeleka taarifa za mgonjwa kwenye kompyuta za hospitali, mashine inaweza kulia hitilafu na kuacha kupumulisha. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, wakaitangaza kuwa ya kurejeshwa, daraja la I, la kasoro zinazoweza kuua. Sasa, kwa FDA "kurejesha" si lazima mashine iondoke; kurekebishwa palepale ilipo nako kunahesabika. Ni haki mgonjwa kulazwa kwenye mashine ambayo mtengenezaji mwenyewe kakiri ina kasoro?

Kibatari: Si haki hata kidogo. Hao si ndio kama Philips, mamilioni ya mashine za kusaidia kupumua, programu mbovu?

FundiTiba: Kibatari umechanganya. Ya Philips, Juni 2021, haikuwa programu. Lilikuwa povu la kupunguza kelele ndani ya mashine, likimomonyoka na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. Kuhusu mada: ukitoa ventileta kumi leo, wagonjwa kumi unawapeleka wapi? Zima HL7, mashine iendelee na kazi. Na ikisimama, kengele inalia. Tatizo manesi wameshazoea kengele, wanabonyeza kunyamazisha bila kutazama kioo.

ZamuYaUsiku: FundiTiba, hiyo sentensi ya mwisho njoo uirudie wodini saa tisa usiku. Mimi ni nesi wa ICU, wodi ya mahututi, mwaka wa kumi na moja huu. Kitanda kimoja kina ventileta, monita na pampu nne za dawa. Bomba likijikunja, inalia. Mgonjwa akikohoa, inalia. Ventileta yetu moja ilizima kioo mgonjwa akiwa bado juu yake. Nilichomoa bomba, nikashika ambu, ule mfuko wa kubinya, nikampumulisha kwa mkono huku nahesabu. Dakika kumi na mbili, vidole vimekufa ganzi. Fundi kaja asubuhi, kaizima kaiwasha, ikawaka, akaandika "haina tatizo". Hapo aliyezoea ni nani?

Kibatari: Povu nimekubali, nilikosea. Lakini "haina tatizo"? Huyo fundi alale salama kweli?

Mzee wa Mionzi: Msimlaumu nesi. Therac-25, mashine ya mionzi, kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita dozi kupita kiasi. Kioo kilikuwa kinaandika hitilafu namba 54, bila maelezo. Waendeshaji walishaona hitilafu nyingi zisizo na madhara, wakabonyeza kuendelea. Anayekuzoesha kupuuza ni mashine yenyewe.

FundiTiba: Dada, wewe sikukulenga, samahani. Ila na sisi msitutwishe yote. Kumbukumbu za ndani ya mashine zimefungwa kwa nywila ya mtengenezaji. Naona saa na namba ya hitilafu, maana yake sipewi. Nikiandika "mbovu" bila chanzo, naulizwa kwa nini nimeua kitanda.

Mwanzisha mada: Jamani, swali langu! Ventileta ya Puritan Bennett 980 nayo ilikuwa na kasoro ya programu: mtoto mchanga angeweza kupata hewa pungufu ya ile aliyoweka daktari. Huyo naye asubiri sasisho?

Kibatari: Mkuu, subiri kidogo. FundiTiba, nani anakuuliza? Meneja? Basi mtaje cheo chake hapa.

ZamuYaUsiku: Fundi, samahani nimeipokea. Lakini andika hivi: "ilizima saa tisa na dakika ishirini, chanzo hakijajulikana", bandika karatasi nyekundu, isukume kona. Ile yetu ilirudi kitandani saa nne asubuhi hiyohiyo. Aliyelazwa pale alikuwa mwingine, na ndugu zake hakuna aliyewaambia kitu.