Naomba ushauri: vijana wa Kisauni kwenda kushindana baiskeli Hell's Gate

Asalaam aleikum ndugu na dada zangu. Nina vijana ninaowafundisha baiskeli za milimani hapa Kisauni, Mombasa, na tunataka kwenda bara kushindana Hell's Gate, ile mbuga ya wanyama ya Naivasha. Naomba walioendesha kule wanishauri.

Mazoezi yetu ni njia za msitu wa Bamburi, ule uliokuwa machimbo ya chokaa ya saruji na kuanza kupandwa mivinje mwaka 1971. Msitu ule naupenda mno. Majani ya mivinje yametanda chini kama mkeka, tairi halisikiki, ila kwenye kona mvua ikinyesha gurudumu la nyuma linateleza, na jiwe la matumbawe likichomoza linachana tairi ubavuni. Hapo vijana wamekuwa mahodari kweli.

Shaka yangu ni urefu wa mahali. Sisi tuko usawa wa bahari, kule ni takribani mita 1,900. Tufike siku ngapi kabla ili pumzi izoee? Au bora tufike jioni, tushindane asubuhi?

Pili, vumbi la kule: upepo wa tairi mnapunguza kiasi gani, na mnyororo mnautia mafuta gani yasiyoshika vumbi?

Tena kuna nyati. Pundamilia na twiga hawanitii hofu, lakini nyati akiwa njiani, kijana afanye nini? Wazazi wameniuliza hilo kwanza, na nataka kuwapa jibu la mtu aliyewahi kukutana naye.

Na aliyewahi kusafirisha baiskeli kwa basi, anieleze alivyozifunga.