Re: Barua ya kaunsili kuhusu moshi wa jiko la kuni, nani anajaza fomu?

Mama Nasra:
Wanajamvi, salaam, na poleni na baridi hii isiyotaka kuondoka. Leo nimeletewa barua ya kaunsili. Jirani amelalamika kwamba dohani yetu inatoa moshi, na mtaa wetu uko ndani ya SCA, yaani eneo lenye udhibiti wa moshi. Wanasema wanakusudia kunitoza faini na nina siku 28 za kupinga kwa maandishi. Nyumba si yangu, nimepanga, na jiko la kuni tulilikuta humu humu. Nimempigia wakala wa mwenye nyumba anipe cheti cha HETAS, wale wanaosajili mafundi wa majiko ya kuni, kanijibu hana, nitafute mwenyewe. Sasa fomu ina sehemu ya mkaaji na sehemu ya mmiliki. Nijaze ipi? Na nikijaza ya mkaaji, si nitakuwa nimejitia hatiani mwenyewe? Tafadhali nijibuni hapa hapa, kuna wengine watafaidika.

Baraka:
Pole sana dada. Faini zenyewe kwa England ni pauni 175 mpaka 300, si za kuuzia shamba. Zamani walikuwa lazima wakuburuze mahakamani, ila tangu ile sheria ya mazingira, Environment Act ya 2021, wanakutoza moja kwa moja. Angalia kibati nyuma ya jiko, soma jina na modeli, kisha utafute kwenye orodha ya majiko yaliyoidhinishwa na DEFRA, wizara ya mazingira. Likiwemo, unaruhusiwa kuchomea kuni hata ukiwa SCA.
Kuhusu cheti, mimi yalinikuta niliponunua nyumba. Bima waligoma kabisa mpaka waone HETAS. Kumbe kazi ikifanywa na fundi aliyesajiliwa inaingizwa kwenye kumbukumbu zao, unalipia na kutumiwa nakala. Kama jiko lilifungwa na shemeji yake mwenye nyumba siku ya Jumapili, basi tena, hapo utatafuta BC, wakaguzi wa ujenzi wa kaunsili.

Mzee Hamisi:
Baraka, mwanangu, usimpe mtu nusu ya habari. Hayo majiko ya DEFRA yalipimwa yakichomwa kuni kavu kwa maelekezo ya kiwanda. Tia kuni mbichi uone kama halitafuka kama tanuri la chokaa!
Mama Nasra, unachoma nini? Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Tangu Mei 2021 mzigo ulio chini ya mita mbili za ujazo unatakiwa kuuzwa na alama ya Ready to Burn, yaani tayari kuchomwa, lakini ukiuacha nje kwenye mvua alama haikusaidii kitu. Nunua kipima unyevu. Na usikidunge kwenye gamba wala kwenye ncha ya gogo, maana huko hukauka kwanza na utadanganyika. Lipasue gogo, kisha udunge katikati ya ule upande uliopasuka sasa hivi.
Halafu kuna tabia ya watu wetu kubana hewa usiku ili moto udumu hadi alfajiri. Acheni! Moto ukikosa hewa unafuka, na ule moshi ukipanda kwenye dohani iliyopoa unaganda kama lami. Siku ukiwasha moto mkali, lami yenyewe ndiyo inayowaka. Ukiona kioo cha mlango kimekuwa cheusi, ujue ndani ya dohani ni vivyo hivyo. Mimi hupanga magogo manene chini, membamba juu yake, vijiti vya kuwashia juu kabisa, nawasha kwa juu na hewa nimefungua yote. Moshi wa mwanzo unapita katikati ya moto na kuungua. Jirani haoni kitu.

Baraka:
Sawa mzee, shikamoo. Nilikuwa namjibu kuhusu cheti, si kuhusu kuni.

Dada Rehema:
Nyie mnabishania moshi unaoonekana. Mimi niko kitengo cha dharura na ninaouogopa ni usioonekana, yaani CO, gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Wanakuja baba, mama na watoto, wote kichwa kinauma, wote kichefuchefu, wanadhani ni mafua. Ninachouliza kwanza ni kama mkitoka nje mnapata nafuu. Wakisema ndiyo, mafua siyaulizi tena.
King'ora cha CO kiwe chumba kile kile chenye jiko, umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka jiko lilipo. Mkikibandika darini kiwe sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Si nyuma ya pazia, si ndani ya kabati kwa sababu kinapiga kelele! Na kwa England tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kukiweka, kwa kila chumba chenye kifaa cha kudumu kinachochoma kitu, isipokuwa jiko la kupikia la gesi. Mama Nasra, unacho?

Mama Nasra:
Ninacho dada yangu, kiko ukutani juu, kinafanya kazi. Kuni nilinunua kwa kijana mmoja mwenye pikapu, alama sijaziona. Nashukuru kwa yote. Ila ile fomu jamani?

Wanjiru:
Fomu sijui, ila mmesahau majivu. Jirani yetu aliyazoa jiko likiwa limepoa kabisa kwa nje, akayamwaga kwenye pipa la taka la plastiki. Usiku pipa likayeyuka, moto ukapanda kwenye uzio, watu wakapiga 999. Kaa dogo likifunikwa na majivu linakaa hai siku kadhaa. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya zege, mbali na ukuta. Msiiweke barazani wala gereji, makaa hayo yanatoa hiyo hiyo CO. Na msiyazoe yote, kuni hupenda kulalia majivu kidogo.
Ngoja niwaambie, kila nikifungua mlango wa jiko na kamoshi kakinigusa, namkumbuka shosho akipuliza moto kwenye mafiga, macho yamejaa machozi, na ananituma nikachukue kijinga cha moto kwa jirani. Hakuna aliyemwandikia barua.

Baraka:
Nani amwandikie? Kule barua ya maana haifiki, labda ya michango. Na mimi hapa baada ya miaka yote hii, nikichukua pasi ya hawa watu naambiwa si Mtanzania tena. Uraia pacha umekuwa wimbo wa kila uchaguzi.

Wanjiru:
Pole, sisi Wakenya tulimaliza hilo na katiba ya 2010 😀

Mzee Hamisi:
Uraia una uzi wake, nendeni huko. Hapa niongeze moja tu: dohani ikishika moto, utasikia mngurumo kama lori linapita. Funga mlango wa jiko, bana hewa yote, toa watu nje, piga 999. Maji usimwage, chuma na matofali vitapasuka. Na msafisha dohani aje kila mwaka, akupe karatasi yake, bima wataiuliza.

Juma:
Mzee, mnasema "sheria" utadhani nchi nzima ni England. Huku Scotland tangu Februari 2022 kila nyumba, ya kupanga au yako, lazima iwe na ving'ora vya moshi vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia. Cha CO kinaruhusiwa kusimama peke yake.
Mimi nina langu. Msafishaji kakataa kuingiza brashi, anasema kunguru wametaga juu ya dohani na sheria hairuhusu kugusa kiota kinachotumika. Baridi ya huku mnaijua. Kuna aliyewahi kuwasha moto mdogo tu huku akisubiri makinda waruke?

Dada Rehema:
Juma, usiwashe. Hata karatasi moja. Kiota kikiziba dohani, moshi na CO vyote vinarudi sebuleni kwako. Nunua hita ya umeme, bili utaililia baadaye.