Mwenye ndugu ughaibuni, mmekubaliana nani apigiwe kwanza?

Dada wa Majumbasita, Dar:
Habari za humu ndani wapendwa, samahani kwa maneno mengi ila hili limenikaa. Mdogo wangu anasoma Gazipur, Bangladesh. Sasa ile 21 Julai 2025 nipo zangu kibandani namenya vitunguu vya pilau ya mchana, mteja anasoma kwenye simu eti ndege ya mafunzo ya jeshi imeangukia shule Dhaka, jirani na uwanja wa ndege. Mi Gazipur na Dhaka ntajulia wapi, kwangu yote Bangladesh. Napiga, inaita mpaka inakata. Napiga tena. Hapo hapo mama anapiga toka Kigamboni, "umempata?", bado mama, anakata, dakika mbili anapiga tena, yaani hata dogo angenitafuta angekuta simu inatumika tu. Jioni ndo kameseji kanaingia: "nilikuwa maabara dada, simu ilikuwa kwenye begi". Nililia kisu mkononi, wateja wakajua ni vitunguu. Nyie wenzetu mnafanyaje?

Dogo wa Gazipur:
Dada umeamua kunianika lol. Kwa wasiojua, ilikuwa F-7 BGI, ndege ya kivita ya Kichina iliyotokana na MiG-21 ya Warusi. Iliruka saa saba na dakika sita mchana kwa huku, kwenu saa nne asubuhi, toka kambi ya jeshi la anga ya Kurmitola ambayo inatumia uwanja mmoja na Shahjalal, uwanja wa kimataifa wa Dhaka, ndege za abiria na za kivita zinapishana hapo hapo. Dakika chache tu ikaangukia shule ya Milestone, Diabari, Uttara, humo humo Dhaka. Rubani Towkir Islam alikuwa anarusha peke yake kwa mara ya kwanza, akafariki. Waliokufa walipita 30 na wengi ni watoto, moto ndo ulimaliza. Kuna mwalimu, Maherin Chowdhury, alibaki kutoa wanafunzi ndani ya moto hadi na yeye akaungua, akafa, huyo huku kila mtu anamjua. Baadae uchunguzi ukasema rubani alishindwa kuimudu ndege, wakashauri mafunzo ya mwanzo yatolewe nje ya Dhaka. Mji umebanana vile, sijui walikuwa wanangoja nini.

Ushauri wangu ni mmoja, ukisikia kitu kama hicho usikimbilie kushangaa, watu walijaa pale mpaka magari ya wagonjwa yanahangaika kupita. Kama una damu ya kutoa nenda hospitali.

Mzee wa Airwing:
Wanangu, sisi wa Ukonga hayo hatuyasikii kwa jirani. Usiku wa 16 Februari 2011 mabomu ya ghala la jeshi Gongo la Mboto yalivyolipuka nilitembea na watoto wawili hadi Buguruni, wa tatu kaenda na watu wengine, tumempata kesho yake uwanja wa Uhuru. Mama yake kapiga simu usiku kucha kwa kila mtu na kila mtu anampigia yeye, salio limeisha bila jibu. Toka hapo kwetu sheria ni hii, anapigiwa mtu MMOJA, na awe mtulivu, sio mama mzazi. Huyo ndo anawaambia wengine. Wengine wote shika simu usipige. Na huyo mmoja awe na namba ya mtu anayekaa na kijana huko, mwenye nyumba, mwenzie wa chumbani, yeyote, pamoja na kopi ya pasi yake, maana ubalozi ukiulizwa jambo la kwanza wanataka namba ya pasi. Dogo, Dhaka hatuna ubalozi, wa kwako ni New Delhi, weka namba yao kwa simu leo.

Dada wa Majumbasita:
Asante mzee. Basi wa kupigiwa ni mimi, mama ntamwambia mwenyewe, ila atanuna.

Dogo wa Gazipur:
Sawa dada. Mwambie pia akimaliza taarifa ya habari saa tatu usiku asinipigie, huku saa sita. Juzi nimekurupuka nikajua nyie ndo mmepatwa na kitu, kumbe anauliza kama nimekula.