Nimelipa 34,000 kutengenezewa trela la boti Malindi, likachomoka njiani Matsangoni

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nimekaa siku nne bila kuandika nikidhani nitapoa. Sijapoa.

Mimi ni mvuvi, na wageni wakiwepo huwapeleka matumbaweni. Kazi hii naifanya Malindi mwaka wa 22 sasa. Boti yangu ni faiba ya futi 18, injini ya farasi 60. Ukijumlisha boti, injini, tangi la mafuta na nanga, ni kama kilo 900 juu ya trela. Trela lenyewe ni la mtumba kutoka Uingereza, ekseli moja, lina breki zake na bamba lake limeandikwa kilo 1,300. Ni kuukuu, lakini fremu ni nzima, imechovywa zinki na haijaoza popote.

Kusi ilipoanza kuvuma nikasema huu ndio wakati. Bahari imechafuka, wageni hakuna, boti itoke ipelekwe Kilifi ikazibwe ufa wa chini. Ila trela lilikuwa na matatizo mawili, nami nilimweleza fundi yote mawili kwa kinywa changu, mbele ya mwanangu. La kwanza, kichwa, kile chuma cha mbele kinachoshika trela kwenye gari, kinacheza juu ya boli, ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari, kila ukifunga breki unasikia dum mgongoni mwa gari. La pili, breki za trela hazishiki, gari linasukumwa.

Fundi akaangalia, akasema, "Mzee, hii kazi ndogo. Siku mbili." Akataja 34,000: viatu vya breki vipya, beringi, kichwa, na kazi yake. Nikalipa 20,000 mkononi, zilizobaki siku ya kuchukua. Sikuvuta bei hata shilingi, maana breki si kitu cha kuvutia bei.

Siku ya tatu akanikabidhi. Kichwa kimepakwa rangi nyeusi inang'aa, chote, na rodi zote. Akakifunga mwenyewe nyuma ya pikapu ya shemeji yangu, akapiga kofi juu yake akasema, "Enda Mombasa ukirudi, hakitoki hicho."

Tulipofika Gede nikasikia harufu ya kuungua. Tukasimama pale karibu na njia panda ya Watamu, nikaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu la kushoto nikakitoa haraka, kilikuwa moto kama kikaango. La kulia baridi kabisa. Nikampigia fundi. Akaniambia, "Ni viatu vipya mzee, vitazoea." Nikamwamini. Hapo ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu nilimpa nafasi ya kusema kweli nikiwa nimesimama kando ya barabara na boti yangu, naye akanidanganya mara ya pili.

Matsangoni kuna matuta. Shemeji alipunguza mwendo vizuri, hakuwa mbio. Magurudumu ya pikapu yakapita, ya trela yakapanda tuta, nikasikia mlio wa chuma, nikageuka nikaona boti yangu inaenda njia yake. Ilivuka upande wa pili wa barabara, ikashuka mtaroni, ikasimama kwenye mikorosho. Matatu ilikuwa imepita dakika moja kabla. Mama mmoja anayeuza maembe alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale ilipopita, na mtoto mgongoni. Alhamdulillah hakuna aliyeguswa. Nimelala usiku nne nikimuona yule mtoto.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu nililifungua trela lote mwenyewe, mimi na mwanangu, na nataka mjue kilichofanywa.

Nianze na kichwa. Kichwa cha trela hakikalii boli kama kofia tu. Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaoingia chini ya kiuno cha boli, pale katikati palipo panene, na kuishika kutoka chini. Tuta likirusha trela juu, kinachozuia lisinyanyuke ni huo ulimi peke yake. Sasa kikombe, yaani lile shimo la kichwa linalokalia boli, kikilika kwa miaka, boli inacheza. Dawa yake ni kichwa kipya, na kuipima boli yenyewe. Boli ya kizungu ya Ulaya ni milimita 50, na ikiisha hadi chini ya 49 haifai tena. Yangu nimeipima kwa kalipa, 48.6. Kwa hivyo boli na kichwa vyote vilikuwa vimekwisha. Fundi hakubadilisha hata kimoja. Alichukua mashine ya kuchomelea akaweka matone ya chuma ndani ya kikombe ili kibane! Kikabana kweli, juu. Boli ikawa haiingii hadi mwisho, na ulimi haukufika chini ya kiuno. Akapaka rangi.

Halafu hicho kichwa ni cha chuma cha kumimina, si cha kufuliwa. Chuma cha kumimina ukikichomelea kikiwa baridi, pale kando ya kidonda kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Nimekuta ufa umeanzia kwenye tone la kuchomelea umetembea hadi tundu la bolti. Hata kama kisingechomoka Matsangoni, kingepasuka mbele ya safari.

Bolti zenyewe mbili zinazoshika kichwa: za zamani zilikuwa na maandishi 8.8 juu ya kichwa. Nazikumbuka kwa sababu nilizipiga brashi mwaka jana. Alizoweka yeye zimeandikwa 4.6. Kwa wasiojua, tarakimu ya kwanza inaeleza uwezo wa bolti kabla ya kukatika, na 4 ni nusu ya 8. Zangu nzuri zilienda wapi?

Breki. Hapa nitaeleza polepole maana mafundi wengi wa kwetu wamezoea lori na pikapu, na breki za trela hizi ni kitu kingine. Hakuna mafuta ya breki wala mpira wa kuunganisha na gari. Nyuma ya kichwa kuna bomba linaloteleza. Gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, bomba linaingia ndani, linasukuma wenzo, wenzo unavuta rodi, rodi inavuta kebo mbili, kebo zinatanua viatu vya breki vikaibana kwa ndani dramu, ule mtungi wa chuma unaozunguka na gurudumu. Uzito wa trela ndio mguu wa dereva. Ndani ya bomba hilo kuna shokabu ili lisiingie kwa kishindo. Kuijaribu ni rahisi: funga hendibreki ya trela, lisukume bomba ndani kwa nguvu. Linatakiwa liingie kwa uzito, kisha lijirudishe nje lenyewe taratibu. La kwangu liliingia kama kijiti kwenye mchanga mkavu na likabaki humo humo. Ile dum niliyomlalamikia siku ya kwanza ilikuwa hiyo shokabu, imekufa, na haikuguswa.

Na dramu hazikufunguliwa. Nina ushahidi. Mwaka jana nilipotia grisi niliweka alama ya rangi ya buluu, nusu kwenye kifuniko cha kitovu na nusu kwenye dramu, ili nijue kama mtu amefungua. Mstari wangu wa buluu uko vile vile, haujakatika wala kusogea. Viatu vipya viliingiaje, kwa hewa? Beringi mpya zilipita wapi?

Nilipofungua mimi, gurudumu la kulia kebo imeganda ndani ya ala yake kwa kutu, haisogei hata ukiikanyaga. La kushoto bitana ya kiatu kimoja, yaani ule upande unaosugua dramu, imeachana na chuma chake, imebaki kipande kinazunguka ndani ya dramu. Sasa fundi, badala ya kuona hayo, alifanya nini ili breki "zishike"? Alikaza nati za rodi pale katikati mpaka wenzo ukawa umevutwa nusu hata trela likiwa limesimama. Kwa hivyo kulia hakuna breki, kushoto breki imefungwa muda wote, na ndiyo maana kitovu kiliungua Gede.

Breki hizi hurekebishwa kuanzia kwenye magurudumu. Unalegeza rodi kabisa kwanza. Unapiga jeki, unakaza nati ya kurekebishia iliyo nyuma ya sahani huku unazungusha gurudumu kwa upande wa mbele tu, mpaka likwame, kisha unalegeza mpaka lizunguke huru. Kwa mbele tu, kwa sababu trela zilizoundwa Uingereza tangu 1989 zina utaratibu wa viatu kujilegeza unaporudi nyuma, na ukizungusha kinyume utadanganyika. Baada ya magurudumu yote mawili kuwa sawa ndipo unaondoa ulegevu wa rodi, kidogo tu. Rodi haifidii kiatu kilichokwisha. Kama fundi wako anaanzia kwenye rodi, ondoka na trela lako.

La mwisho ndilo lililokaribia kuua mtu. Trela hizi zina waya mwembamba wa usalama, unatoka kwenye hendibreki ya trela unafungwa kwenye gari. Kazi yake ni moja. Trela likichomoka, waya unakazika, unavuta hendibreki, kisha unakatika. Trela linasimama lenyewe. Wangu niliukuta umeviringishwa na kufungwa kwa kamba chini ya fremu, na rangi nyeusi juu yake. Mwanangu anakumbuka alimuuliza, fundi akamjibu, "Huo hauna kazi, unaburuza tu." Hauna kazi! Ungekuwa umefungwa kwenye gari, breki ile moja ya kushoto ingeshika, boti isingevuka barabara.

Nilimpelekea kichwa kilichopasuka mkononi. Jibu lake: "Mzee, hiyo ni chumvi ya bahari, si mimi." Chumvi haichomelei. Chumvi haibadilishi bolti ya 8.8 kwa ya 4.6. Najua chumvi inafanya nini, nimeishi nayo. Dramu ya moto ukiizamisha baharini inanyonya maji ndani, na mimi husubiri nusu saa magurudumu yapoe kabla ya kushusha boti, nikirudi nayaosha kwa maji ya kisima, na sililazi trela hendibreki ikiwa imefungwa, naliwekea jiwe, ili viatu visigande kwenye dramu. Kama kazi imemshinda angesema imemshinda. Ningemlipa hata kwa kuangalia tu.

Kosa langu ni moja nalisema wazi ili ninyi msilirudie. Ukishafunga kichwa, zungusha kile kigurudumu cha mbele cha trela kana kwamba unataka kukinyanyua kichwa kitoke kwenye boli, mpaka uone mkia wa gari unapanda. Ukipanda, ulimi umeshika. Mimi sikufanya, kwa kuwa alifunga fundi mwenyewe.

NYONGEZA, Jumatano: Kuna aliyeuliza kwa nini nisitoe breki zote nivute hivyo hivyo kama wengine wanavyofanya. Ndugu yangu, huko Uingereza lilikoundwa, trela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, boti na trela vikiwa pamoja. Mimi boti peke yake imepita hapo. Siku pikapu ikifunga breki kwenye mvua utaona boti yako dirishani.

Na aliyesema nimtaje fundi jina hapa: sitaki kumtaja kwa sasa. Alinipigia jana usiku, akasema nimrudishie trela "akichomelee tena bure". Nimekataa. Sitaki kuchomelewa chochote. Nataka 34,000 zangu na bolti zangu mbili, na nimempa mpaka Ijumaa baada ya swala. Asipoleta, Jumamosi naenda naye kwa wazee wa bandarini, na kichwa nitakiweka mezani na ule ufa wake waone wote.

Boti ina mchubuko na ufa wa chini umerefuka, iko bado kwa wenyeji wa Matsangoni ambao wameilinda bila kuniomba chochote, Mungu awalipe. Ninachotafuta sasa ni kichwa kizima cha milimita 50, boli yake, shokabu ya bomba, kebo mbili na viatu vya dramu ya milimita 200 kwa 50. Mwenye kujua duka la Mombasa lenye hivi vitu aniandikie hapa. Vichwa vya inchi 2 msiniletee, hiyo ni milimita 50.8, kitaanza kucheza siku hiyo hiyo nitakapokifunga.