Makala 19, wasomaji hawafiki kumi: nitunzeje hamu ya kuandika?

Kijana wa Langoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Lamu, mtaa wa Langoni, na tangu mwezi wa Januari nimekuwa nikiandika kwenye intaneti kuhusu kazi za mikono za kwetu: ushonaji wa kofia za vito (vile vitundu vidogo vinavyodariziwa kwa uzi), uundaji wa majahazi kule Matondoni na uchongaji wa milango. Nilianza kwa ari kubwa, hata wiki ya kwanza pekee nikaandika makala nne. Sasa nimefikisha 19, lakini wasomaji hawajawahi kuvuka tisa kwa siku, na katika hao tisa nina hakika wawili ni mimi mwenyewe, mara kwa simu na mara kwa kompyuta ya kazini.

Kinachonivunja moyo si uchache wa watu peke yake, bali desturi mbaya niliyoizoea ya kufungua ukurasa wa takwimu kabla sijanawa uso, kisha siku nzima ikawa njema au mbaya kwa kadiri ya tarakimu iliyonipokea. Makala ya 20 nimeianza mara tatu na mara tatu nimeifuta. Rafiki yangu ananishauri niache Kiswahili niandike kwa Kiingereza, kwa kuwa watalii ndio wanaosoma habari za Lamu. Waliotangulia katika kazi hii, mliivukaje miezi ya mwanzo?

Mjukuu wa Nahodha

Wa aleikum salaam. Wewe umeandika habari za Matondoni, kwa hiyo umeona kwa macho yako kwamba fundi anapolaza mkuku, ule mti wa chini wa chombo, na kusimamisha mataruma, yaani mbavu zake, hapana anayekwenda kumtazama, ila siku ya kushua chombo mji mzima huwa ufukweni. Vumilia, ndugu yangu. Makala 19 ni mataruma tu.

Bi Mshoni

Mjukuu wa Nahodha, naomba nikupinge kidogo, kwa sababu mfano huu tunaupenda sana huku pwani na kwa kijana huyu haufai. Fundi wa jahazi ana mwenye chombo, ambaye humlipa, humjia kutazama kazi na humuuliza kwa nini ubao huu umepinda. Fundi anajua kazi ni ya nani kabla hajashika tezo. Kijana wetu hana mwenye chombo. Anawaandikia "watu", na watu hao hawana sura wala jina wala swali, basi atajuaje kwamba amewatosheleza?

Mimi nilipoanza kuandika mapishi nilikwama vivyo hivyo, mpaka nilipoamua kwamba kila ninachoandika namwandikia binti wa dada yangu aliyeolewa Nakuru, ambaye hana mtu wa kumwonyesha ni kwa nini mkate wake wa sinia hauumuki. Tangu siku hiyo najua niseme nini na niache nini, na makala ikimfaa yeye huwa nimemaliza kazi, hata kama hapana mwingine aliyeifungua. Mwana Kupona wa Pate, ambaye utendi wake wa mnamo mwaka 1858 unasomwa hadi leo, alimtungia binti yake. Sisi wengine tumeukuta ukiwa tayari una mwenyewe.

Kwa hiyo swali langu kwako, mwanangu, ni hili: mwenye chombo chako ni nani?

Punda wa Mkomani

Mimi niliandika mwaka mzima kisha nikaacha, na sijuti. Niligundua kwamba nilipenda kuitwa mwandishi kuliko nilivyopenda kuandika. Jiulize hilo kabla ya mengine.

Mtu wa Sabaki

Naandika kutoka Malindi, na ningependa kuzungumzia takwimu, kwa kuwa naona zinakutesa bila haki.

Mashine za kutafuta habari hutumia programu zinazozunguka intaneti zikifuata viungo (link) kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa mpya ambao hapana ukurasa mwingine unaouelekea huweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana, na hata ukionekana huwekwa nyuma ya kurasa zilizozoeleka. Maana yake ni kwamba tisa yako haijasema lolote kuhusu uzuri au ubaya wa maandishi yako. Inasema tu kwamba njia ya kukufikia bado haijachongwa. Waombe wenzako wanaoandika habari za pwani wakuunganishe, nawe uwaunganishe. Vifaa vyako mwenyewe viondoe katika hesabu, jambo ambalo programu nyingi za takwimu huliruhusu, kisha ukurasa huo uutazame mara moja kwa mwezi. Mimi huufungua Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mtu aliyeshiba hakasiriki upesi.

Jambo la pili ni aina ya makala. Miaka yangu ya mwanzo niliandika mambo makubwa makubwa kuhusu uzuri wa Malindi, na hayakusomwa na yeyote. Siku moja mgeni aliniuliza kwa nini bahari yetu inageuka nyekundu wakati fulani wa mwaka. Niliandika aya sita kumjibu: kwamba mto Sabaki hubeba udongo kutoka bara mvua zinaponyesha na kuumwaga baharini kaskazini ya mji. Makala hiyo, ambayo naiona ya kawaida kabisa, husomwa kila msimu wa mvua, kwa sababu kila msimu wapo wanaouliza swali lile lile.

Kuhusu Kiingereza, simwungi mkono rafiki yako. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kwa lugha hiyo utashindana na mahoteli, magazeti na vyuo vikuu. Mtu anayetaka kujua kwa Kiswahili jinsi kofia ya vito inavyoshonwa, atamsoma nani?

Kijana wa Langoni

Nawashukuru nyote. Swali la Bi Mshoni limenikosesha usingizi, na limenikumbusha jambo ambalo niliona aibu kulitaja. Baada ya makala yangu ya pili kuhusu kofia, mzee mmoja mshonaji alisomewa na mjukuu wake, naye akanitumia ujumbe wa sauti kwamba nimechanganya majina ya mishono miwili na kwamba hatua ya kupanga vito nimeieleza kinyume. Nilifedheheka mno, nikaiondoa makala ile siku hiyo hiyo, wala sikumjibu.

Bi Mshoni

Mwanangu! Mzee amekaa akasikiliza makala yako hadi mwisho, akaona inastahili kusahihishwa, nawe ukamkimbia? Katika hao tisa wako, yupo mwingine aliyekushughulikia kiasi hicho?

Punda wa Mkomani

Nami niliyeacha, msomaji wa namna hiyo sikumpata hata mmoja.

Mtu wa Sabaki

Ujumbe huo bado unao? Kama unao, makala yako ya 20 imekwisha kuandikwa nusu. Irudishe ile ya zamani, uandike juu yake kwamba imesahihishwa, na ueleze ni nani aliyekusahihisha, ikiwa mwenyewe ataridhia kutajwa.

Kijana wa Langoni

Ninao, ni wa dakika sita, na usiku huu nimeusikiliza mara mbili. Ipo sehemu ya katikati ambapo mzee anaeleza alivyofundishwa na baba yake kushona usiku kwa taa ya kandili, jambo ambalo mara ya kwanza sikulisikia kabisa kwa sababu ya hasira. Kesho baada ya alasiri nakwenda kwake kumtaka radhi, nami nitachukua kofia yangu ili anionyeshe ile mishono miwili kwa kidole. Sijui atanipokea vipi. Daftari nimekwisha kulitia mfukoni.