Mfumo mpya wa mizani sokoni: walipiga picha daftari langu, hakuna aliyeuliza "R" ni nini

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za mahindi, huu si wa bei.

Mimi ni karani wa kuhesabu magunia kwenye soko moja la nafaka, barabara hii kuu ya Dodoma–Morogoro. Soko silitaji, na kampuni iliyoleta mfumo siitaji, sina hela ya wakili na watoto bado wanakula. Huu ni msimu wangu wa 11. Nimeona mengi pale, ila dharau ya mwaka huu imegoma kushuka kooni.

Iko hivi. Tumeletewa mizani ya kidijitali iliyounganishwa na kishikwambi. Gunia likipanda, kishikwambi kinasoma uzito, taarifa zinakwenda huko zinakokwenda, tajiri anaona kwenye simu yake, mkulima anapata ujumbe, na jioni kuli analipwa kwa simu kulingana na magunia "yaliyosoma". Ukiyasikia hayo ukiwa umekaa kwenye kiti unasema safi sana. Hata mimi nilisema safi.

Sasa sikilizeni ya Jumanne.

Kuli mmoja, kijana mdogo tu, kabeba gunia kutoka kwenye lundo la mama mmoja. Likapanda mizani, ikasoma 101.2. Mnajua sheria ya vipimo, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na hilo hakuna anayelipinga, lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi, imewaumiza wakulima miaka na miaka. Zamani ikitokea hivyo ni jambo la dakika mbili: mshonaji anafumua mdomo, anachota kopo moja, anarudishia uzi, gunia linapanda tena. Basi. Sasa hivi kishikwambi kinaandika kwa rangi nyekundu "Uzito umezidi. Wasiliana na msimamizi". Kupima mara ya pili mpaka msimamizi aweke namba yake ya siri. Msimamizi yuko Dodoma mjini, ana masoko mengine, simu inaita mpaka inakata. Gunia haliwezi kukaa juu ya mizani, nyuma kuna foleni. Kijana kalishusha kulirudisha kwenye lundo, mshonaji kachota kopo. Msimamizi kapokea, kijana kalibeba tena. Ikasoma 100.3, kopo lilikuwa dogo. Nyekundu tena. Kwenda na kurudi, njia tano, kilo mia mgongoni, jua la saa 7 mchana.

Jioni simu yake ikamwambia gunia moja.

Akaja kwangu. "Kaka karani, mbona umenihesabia moja?" Sijamhesabia mimi. Mimi siku hizi nasimama tu pale nashika kishikwambi kisianguke.

Kwenye daftari langu la zamani kuna safu nimeiandika "R" juu. Ni rudia. Gunia likirudishwa kwa sababu yoyote, kuli anapata nusu ya malipo kwa kila safari ya ziada, na anayelipa ni mwenye kosa: kama mkulima kajaza kupita kiasi ni mkulima, kama tajiri kabadili mawazo ni tajiri. Utaratibu huo hakuna aliyetuletea. Makuli na wafanyabiashara waliubishania wenyewe chini ya mkwaju miaka hiyo, nusura watu washikane mashati, mpaka wakakubaliana. Mimi nimeukuta.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Wale jamaa wa mfumo KABLA ya kutengeneza walikuja sokoni. Wawili, na gari. Wakaomba daftari langu, wakalipiga picha kurasa mbili, wakasema asante sana kaka umetusaidia. Nikawauliza kama nieleze safu zile. Wakasema hapana, tumeshaelewa. Wakapiga na mzani wa zamani picha, wakapiga na mbuzi wa mtu aliyekuwa anakula pumba, wakaondoka. Dakika 20, nimezidisha sana 25. Kwenye kishikwambi safu zangu zote zipo isipokuwa mbili. R haipo. X haipo.

X ni ya mzee wetu wa bambo, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko hata hela ya makuli.

Kwa wasiojua, bambo ni kile chuma chenye mfereji kinachochomwa gunia kutoa punje za katikati. Mzee huyu anachoma, anamwaga punje kiganjani, anazipeperusha kidogo, ananusa, anatafuna mbili tatu. Akikunja uso ujue. Anachukua chaki anaandika X kwenye gunia, linawekwa pembeni, linapakuliwa lote na akina mama wanalichambua. Sasa mfumo una sehemu ya unyevu tu. Kipimo kikisoma chini ya asilimia 13.5, gunia limepita, Daraja la Kwanza, hongera. Lakini kipimo cha unyevu kinakuambia mahindi yako hivi yalivyo LEO. Hakikuambii yalinyeshewa shambani yakakaa na maji, yakaota ukungu, ndipo yakaanikwa. Ukungu unakauka, sumu inabaki. Watu wa hapa hatuhitaji semina kwa hilo: mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, kwa kula mahindi haya haya ya kwetu.

Wiki iliyopita mzee kachoma gunia, kanusa, akaniambia, "Mwanangu, hili katikati si zima." Kipimo kikasema 12.9. Nikatafuta pa kuandika. Hakuna. Nikampigia kijana wa huduma kwa wateja, kanijibu kwa heshima zote, "Kaka, kama mfumo umekubali, wewe pakia tu." Mzee akaniangalia, hakusema neno. Tukalitoa kwa nguvu. Basi hilo gunia mpaka leo kwenye mfumo lipo, limepakiwa, limesafiri, wakati nimelikalia hapa ninapoandika. Na mimi nimeandikiwa upungufu wa gunia moja.

Najua kuna mtu atauliza, "kwani hamkushirikishwa?" Mkuu, tulishirikishwa vizuri sana. Tuliitwa ukumbini mjini. Tukasaini mahudhurio asubuhi, tukasaini tena mchana. Mwezeshaji kaingia kafungua na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, ukumbi ukacheka na kupiga makofi, na hilo ndilo neno la mwisho alilosema tukalielewa, maana mengine yote yalikuwa ukutani kwa Kiingereza. Mfumo wenyewe ulikuwa umeshakwisha, wanatuonyesha rangi zake. Nikanyoosha mkono: gunia likirudishwa, kuli analipwa na nani? Akasema, "Swali zuri sana, tunalichukua." Mpaka leo wamelichukua. Tukala sambusa, tukapiga picha ya pamoja, mzee wa bambo wakamweka katikati kwa sababu ana ndevu nyeupe. Picha ipo kwenye kipeperushi chao.

Mzee huyo kwenye semina nzima hakuulizwa hata jina lake la pili.

Mpwa wangu anasoma kompyuta pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nilimpigia nikiwa nafoka. Akaniambia mjomba, unayolalamikia yana historia ndefu. Kule Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwepo profesa anaitwa Kristen Nygaard, mmoja wa wale wawili waliobuni lugha ya kompyuta ya Simula, mtu mkubwa, mwaka 2001 akapewa yeye na mwenzake tuzo ya Turing, ile kubwa ya fani ya kompyuta. Jamaa na utaalamu wake wote akaenda kukaa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wakachambua pamoja kompyuta zinazoletwa kiwandani zitafanya nini kwa kazi yao. Hawakuishia kwenye kongamano. Mwaka 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri wa nchi nzima wakasaini makubaliano: mfumo ukija, wafanyakazi wapewe taarifa mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na mwakilishi wao wa mambo hayo, waliyemchagua wenyewe.

Kwa lugha wanayoielewa. 1975! Sisi tumeonyeshwa Kiingereza ukutani.

Nyingine aliyoniambia ikanifurahisha zaidi. Mwaka 1981 Waskandinavia haohao walianza mradi na wafanyakazi wa kupanga kurasa za magazeti. Mashine walizozitaka zilikuwa bado hazijapatikana. Wakachukua maboksi matupu ya kadibodi, boksi moja wakaliandika "printa ya leza", wakalipanga kama ofisi, wakaigiza kazi: mimi naleta habari, wewe unaweka picha, hapa umenizibia njia, sogeza. Wanakosea kwenye boksi, hakuna aliyepoteza hela. Sasa niambieni, sokoni kwetu maboksi yamekosekana? Ungeweka boksi la sabuni ukaandika "kishikwambi", ukampa yule kijana gunia halisi, lingefika mara ya pili tu angekuuliza, "Na hii nayo naandikwa wapi?" R ingepatikana siku hiyo hiyo, bure.

Na msije kuniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisema wazi kwamba si halali viongozi na wataalamu kuwapoka wananchi haki ya kuamua jambo lao eti kwa sababu wao ndio wenye utaalamu. Mwaka mmoja kabla, Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulishaagiza mabaraza ya wafanyakazi. Utekelezaji wake ni uzi mwingine, na sisi wa Dodoma tunaujua, maana kipindi hichohicho ndicho cha Operesheni Dodoma, wazee wakaacha tembe zao kwenda kupangwa vijijini. Lakini neno lilishasemwa, kwa Kiswahili.

Sheria za leo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa na kushauriana nao kwanza. Nzuri. Kuli kaajiriwa na nani? Mshonaji kaajiriwa na nani? Yule mama wa kuchambua je? Huwezi kupunguzwa mahali ambapo hukuwahi kuandikwa.

Niwe mkweli, nisijifanye malaika. Utaratibu wa zamani ulikuwa na uchafu wake. Nimeona mawe yakifungwa chini ya mzani. Makarani tunakula, na mimi nilishakula, msimu wangu wa pili, nikaja kukamatwa na mama mmoja aliyekuwa anahesabu magunia yake kwa kokoto kwenye khanga. Sijarudia. Mizani mpya haidanganyi kilo na wakulima wanaipenda, wacha wapende, ni haki yao. Sijaja kusema irudishwe.

Ila huyo huyo mkulima anayeipenda kilo muulizeni habari ya namba ya uthibitisho. Mfumo unataka kila muuzaji awe na simu yake. Akina mama wengi wanaoleta mahindi pale laini zimesajiliwa na mume au mtoto. Kuna bibi namba aliyoandikisha ni ya mwanawe aliyeko Dar. Mahindi yanauzwa hapa, ujumbe unaingia Dar, na hela nayo inaingia Dar. Bibi anakaa juu ya magunia ya watu anasubiri mtoto apokee simu. Hili nalo lilihitaji profesa?

NYONGEZA, saa 3 usiku: nimesoma michango yenu. Aliyesema "makuli mnaogopa kudhibitiwa", mkuu, kuli hana cha kuficha, mzigo wake uko mgongoni kila mtu anauona. Kinachofichwa ni safari nne ambazo mfumo umekataa kuziona. Aliyesema tuandike barua kwa uongozi: tumeandika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Aliyeuliza tunataka nini hasa: tunataka marekebisho yafanyike msimu ukiendelea, mtengenezaji akiwa pale pale kwenye vumbi, siyo mjini. Makuli wachague mtu wao wenyewe, asichaguliwe na ofisi. Na huyo mtu akisema hapa hapana, kazi isimame mpaka ieleweke. Bila hilo la mwisho mtaturudisha kwenye sambusa.

Na wewe uliyeiandika hiyo programu, kama uko humu, na nahisi uko humu maana vijana wa kompyuta wote mko humu, njoo PM. Sikutukani, najua na wewe ulipewa picha mbili za daftari ukaambiwa tengeneza. Nataka kujua kitu kimoja tu: kitufe cha R kinachukua siku ngapi? Kesho saa 12 asubuhi kuna Fuso mbili zinapakia. Mzee kashanunua chaki.