Picha na nyimbo za wengine kando ya shairi langu: inafaa?

Mkazi wa Kihesa, Iringa:
Ndugu zangu, hamjambo. Kila mwezi huwaandalia rafiki zangu kijarida cha kusomea kwenye simu, chenye picha moja niliyoipenda, wimbo mmoja na shairi nililotunga mwenyewe. Toleo lijalo nataka kuweka picha ya chui ya mtindo wa Tingatinga niliyoinunua, pamoja na kipande cha wimbo wa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe. Je, kuinunua picha kunanipa ruhusa ya kuisambaza? Tena, shairi langu halitaonekana limejibanza nyuma ya kazi za watu?

Fundi Rangi, Mbeya:
Ndugu, ulichonunua ni ubao wenye rangi. Haki ya kutoa nakala imebaki kwa mchoraji, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini walioufuata mtindo wake wapo na wanakula kwa brashi, kwa hiyo soma kwanza saini iliyo pembeni, kisha umwombe mwenyewe. Ukiipiga picha, usiielekeze dirishani, kwani rangi ile ya kung'aa hurudisha mwanga na chui wako atabaki doa jeupe.

Mama wa Tukuyu:
Mwanangu, kwenye ligombo taja mpigaji, si kabila peke yake. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, wa Wahehe ukiwemo, na majina ya wapigaji yakaandikwa. Itakuwa ajabu sisi wa nyumbani tuandike "ngoma ya asili" tukaishia hapo. Mimi ningewaelekeza wasomaji mahali pa kuusikiliza wimbo badala ya kuwatumia sauti yenyewe. Shairi nalo lisimsimulie chui ambaye msomaji anamwona kwa macho yake; eleza kwa sentensi mbili kilichokuvutia, halafu shairi liende njia yake.

Mwalimu, Njombe:
Nakubaliana na Mama, ila kwa mpangilio ningetanguliza shairi. Mtu akishafungua wimbo, ni nadra arudi kusoma beti sita, hasa akiwa ndani ya daladala.

Mkazi wa Kihesa, Iringa:
Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Namba ya mchoraji imeandikwa nyuma ya ubao, nami nitampigia kesho. Shairi nitalitanguliza, ingawa beti zangu ni nne tu, Mwalimu.